Kibao cha Maono na Zamu ya Omong'ina Kerubo

Kwa mwaka mzima niliamini, jinsi ninavyoamini kwamba jua hutokea upande wa Sotik, kwamba kulikuwa na gari jeupe lililozunguka Kisii na Nyamira likisoma vibao. Sikusema dereva. Gari lenyewe. Nyuma halikuwa na dirisha hata moja, na kinyozi wangu wa mjini Kisii, mtu aliyeaminika kwa sababu alikuwa na redio mbili, alinieleza kwamba ndani mlikuwa na mashine ya ukubwa wa kabati, yenye jicho. Gari likipita mbele ya kibao cha kikundi, jicho hilo husoma maono na dhamira yao, maneno yanarushwa angani, yanapimwa ng'ambo, na kikundi chenye maono mazuri huamka asubuhi na kukuta tangi la maji limeshushwa mlangoni, pamoja na ng'ombe wa gredi aliyekwisha kuzoea watu. Kikundi kimoja cha Suneka kilikuwa kimepata ng'ombe wawili. Nilipoisimulia hadithi hiyo kwetu Manga, ng'ombe walikuwa wamefika sita. Nilipoisimulia mara ya pili, mmoja wao alikuwa na mimba.

Nacheka ninapoandika haya, maana mimi hucheka kwanza halafu ndipo nauliza kilichotokea. Lakini mwezi uliopita nilikuwa Nyansiongo na sikucheka. Siku hizi mimi huitwa na vikundi kuwasaidia kuandika maono na dhamira. Ndiyo kazi yangu, na naifanya kwa mbwembwe. Nina kalamu za rangi nne na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Wafugaji wa maziwa walikuwa wameniita katika ukumbi wa kanisa, madirisha wazi, harufu ya mahindi mabichi na samadi ikiingia kama mwanachama. Niliandika yale maneno mawili juu ya karatasi, nikageuka, nikauliza kama niulizavyo siku zote: nani anajua tofauti? Mkono mmoja ukainuka katika viti vya nyuma, mkono mwembamba ndani ya sweta ya kijani, na kabla sijauona uso nilijua ni mkono wa nani. Mwaka mmoja wa ujana wangu niliukataa mkono ule mara tatu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Mchana niliuza misumari na mabati katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, na jioni nikaingia shule ya watu wazima, katika darasa tulilokopeshwa na shule moja ya msingi. Madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la pili. Ukikaa, magoti yanafika masikioni, na ukitaka kusimama kujibu swali lazima jirani akuvute. Ukutani palikuwa na picha ya ng'ombe iliyoonyesha viungo vyake, na mchinjaji aliyeketi mbele yangu hakuipenda. Alisema aliyeichora hajawahi kufungua ng'ombe. Kulikuwa na bawabu mmoja aliyelala macho wazi, na mama wa watoto watano ambaye alitushinda wote hesabu na hakutuacha tusahau. Tulinunua mandazi kwa mama wa getini na kuyala chini ya dawati kwa hofu ile ile ya watoto, ingawa nusu yetu tulikuwa na watoto. Nimekaa katika kumbi nyingi tangu wakati huo, baadhi yake zenye viti vinavyozunguka, na hakuna ninaoupenda kama ule uliokuwa ukiniumiza magoti.

Mwalimu Ong'era alitufundisha somo la biashara. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, kiasi kwamba ukitafuna unamkosa. Wakati huo nchi nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya maono na dhamira. Kila lango la shule, kila zahanati, kila ofisi ya chifu ilikuwa na kibao. Naapa hata choo cha stendi kilikuwa na maono. Kwa hiyo siku Mwalimu alipoandika maneno hayo ubaoni, nilinyanyua kalamu kama mtu aliyeitiwa urithi. Maono, alisema, ni pale unapojiona umefika. Dhamira ni kile unachofanya leo, na kesho, na kesho kutwa, ili ufike.

"Mokaya," akaniita, "nipe mfano wa kikundi unachokijua."

Nikamweleza kuhusu risaga yetu. Kwetu risaga ni watu wa nyumba zilizo karibu kusaidiana kazi kwa zamu: wiki hii wote mnalima kwangu, wiki ijayo kwako, na mwenye shamba anapika. Hakuna karatasi, hakuna sahihi.

"Hao wana dhamira," akasema Mwalimu. "Maono je, wanayo?"

"Hawana, Mwalimu. Hawajaandika kitu."

"Sikuuliza kama wameandika."

Darasa likacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, halafu nikainama nikaandika daftarini: *Risaga yetu haina maono.* Daftari hilo ninalo mpaka leo. Niliipigia mstari sentensi hiyo mara mbili, kwa kalamu nyekundu.

Risaga yetu ilikuwa ya nyumba kumi na nne, zote kwenye mteremko mmoja wa Manga, mteremko mkali kiasi kwamba kuku akitaga juu yai linapikwa chini. Siku yetu ilikuwa Alhamisi, nami dukani nilikuwa nimeomba ruhusa ya asubuhi ya siku hiyo. Zamu ilianzia nyumba ya juu kabisa ikashuka moja moja. Tulipanga mstari, wanawake kwa wanaume, majembe yakipanda na kushuka, na maneno yakipanda na kushuka nayo. "Mokaya, hiyo ardhi unalima ama unaibembeleza?" "Mwacheni, ni msomi, anaisomea kwanza." Saa nne tuliketi migombani tukala ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu iliyotulizwa kwa maziwa, na aliyeisimamia sufuria, haijalishi ni kwa nani, alikuwa Omong'ina Kerubo. Omong'ina ni mama wa umri wa kuheshimiwa. Yeye alikuwa mjane wa miaka kama sitini, mwembamba, asiyesema sana, na alikuwa na namna ya kukupakulia akikutazama mikono, kuona kama umelima kweli. Mimi alinipakulia kidogo. Nilidhani ni kwa sababu ya tumbo langu.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho chini, ya udongo, mahali mteremko unapopumzika na maji yote ya mvua yanapokutana. Ukuta wa nyuma, ule unaotazama mlima, ulikuwa umeinama kwa ndani. Kila mtu aliujua. Tulikuwa tukipita tunasema "huo ukuta wa Kerubo," kama tunavyosema habari ya mtoto mtundu. Alihitaji mtaro uchimbwe nyuma ya nyumba ili maji yapite pembeni, halafu ukuta uwekewe nguzo na kukandikwa upya. Kwa watu kumi na wanne, asubuhi moja. Alikuwa amelima kwa nyumba kumi na tatu, wiki kumi na tatu, na zamu yake ilikuwa Alhamisi iliyofuata, wiki chache tu kabla ya mvua kubwa. Kando ya nyumba, kati ya migomba, palikuwa na kaburi la mumewe. Aliwahi kuniambia, akikoroga sufuria, kwamba hakutaka kitu kingine duniani ila kuzeekea pale. Leo nikiulizwa mfano wa maono, ningetoa huo. Wakati ule nilisikia mtu anazungumza habari ya mboga.

Jumanne ya wiki hiyo gari jeupe likaja. Sikuhadithiwa, nililiona. Nilikuwa nyumbani na mafua, mafua ya kuua simba, nikasikia mngurumo chini ya mteremko. Nikatoka. Pale barabara inapoishia, karibu na kwa Kerubo, gari jeupe lisilo na dirisha nyuma lilikuwa limesimama. Likakaa kidogo, likarudi kinyumenyume, likageuza, likaondoka. Watoto waliokuwa wamelikimbilia walirudi wakihema, wakasema gari lilikuwa linanukia vizuri. Niliwaeleza kwamba mashine mpya hunukia hivyo.

Kufikia jioni nilikuwa nimepita nyumba zote kumi na nne isipokuwa moja, ya chini, kwa kuwa ilikuwa mbali na nilikuwa na mafua. Ujumbe wangu ulikuwa mfupi. Gari limekuja kutusoma. Halikukuta kibao. Limeondoka, lakini huwa linarudi mara moja, na mara moja tu. Alhamisi hatulimi, tunakutana. Tena nikaweka sharti: mtu asizungumze habari za gari nje ya mkutano, mteremko wa pili wasije wakasikia wakatutangulia. Habari zote za gari zipitie kwa katibu. Katibu ni nani? Watu walinitazama, na mimi nikajitazama, na ikawa hivyo.

Tulikutana kwa Mama Moraa, tuliyemfanya mwenyekiti kwa sababu alikuwa na viti. Sebule yake naweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Kila kochi lilivaa kitambaa cheupe cha kufumwa, redio ilivaa chake, hata kalenda ilikuwa na kipande juu ya msumari. Kabati la vioo lilijaa vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai. Tukaketi kwa kujibana, mikono mapajani, watu wale wale ambao wiki iliyopita walikuwa wakitukanana kwa furaha shambani, sasa wakikohoa kwa adabu. Omong'ina Kerubo aliingia wa mwisho na sahani ya bati iliyofunikwa kitambaa. Akakifunua: mkate, umekatwa vipande. Kwetu mkate wa dukani ulikuwa kitu cha Krismasi na wagonjwa. Sahani ilizunguka, kila mtu akachukua, hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Mimi nilikula vipande viwili, kwa adabu.

Nilikuwa nimeandika ajenda saba. Ya kwanza sala, ya pili maono, ya tatu dhamira, na kuendelea, ya saba mengineyo. Tulipofika ya pili mkono ukainuka.

"Katibu, mimi niko na neno," alisema Kerubo.

"Ni la ajenda gani, mama?"

"Ajenda sijui. Ni mambo mawili tu."

"Basi tutayaweka kwa mengineyo. Ni nambari saba."

"Na sasa tuko ngapi?"

"Mbili."

Alitazama saa ya ukutani, akautazama mlima kupitia dirishani. "Sawa. Nitangoja."

Ajenda ya pili ilikula asubuhi nzima. Nilisimama mbele yao na chaki na kipande cha ubao, nikawaambia maono lazima yawe makubwa, gari haliji kusoma vitu vidogo. Mama Moraa akapendekeza tuwe kikundi bora Manga. Nikamwuliza, Manga tu? Mtu akasema Nyamira. Mwingine akasema Kenya, na kelele zikazidi, na mimi nikawasukuma kama mnadi wa ng'ombe, mpaka tukavuka mpaka wa Uganda na kuendelea.

"Sisi tunalima ndizi na chai," alisema Mzee Nyamweya, wa nyumba ya juu. "Hiyo dunia itatujulia wapi?"

"Ndiyo maana ya maono, mzee."

"Na tukishafika huko duniani, hii ya hapa atalima nani?"

Walicheka. Nikasema hilo ni swali la dhamira, ni ajenda ya tatu, na ajenda ya tatu haijafika. Nilikuwa na jibu la kila kitu mwaka huo. Tulifunga mkutano kwa sala bila kufika hata nambari tatu, nikatangaza Alhamisi ijayo tunaendelea. Nilipokuwa nafunga daftari nilimwona Kerubo akikusanya makombo ya mkate kwenye kiganja, kwa ajili ya kuku.

Alhamisi ya pili mkono uliinuka tena, na tena nikasema mengineyo. Alhamisi ya tatu alikuja amechelewa, akiwa na tope hadi magotini, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka vyekundu. Alikuwa ameanza kuchimba mtaro peke yake. Nilijua. Mtu yeyote aliyewahi kushika jembe angejua. Lakini nakumbuka vizuri kilichonijia kichwani, na ndicho ninachoona haya zaidi kukiandika kuliko yote: niliwaza kwamba atachafua vitambaa vya Mama Moraa. Akainua ule mkono wenye malengelenge. Nilimtolea ishara kwa kalamu, bila hata kusema. Mengineyo.

Siku hiyo tulimaliza maono. *Kuwa kikundi kinachoongoza duniani katika maendeleo endelevu ya mteremko.* Watu walipiga makofi. Dhamira tuliiandika kwa dakika tano, chai ikipoa: *Kuwezesha, kuimarisha na kuboresha.* Mzee Nyamweya akauliza, kuboresha nini?

"Iache hivyo, mzee," nilisema. "Inapendeza."

Alhamisi ya nne tulisimamisha kibao. Nilikuwa nimekichora mwenyewe, herufi za bluu, nikaleta saruji kutoka dukani, maana nilitaka kisimame mpaka kurudi kwa Bwana. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mgongo wa Manga kama ng'ombe weusi waliokataa kuondoka. Kerubo alipanda mteremko akiwa na jembe lake begani. Alikuwa ameona watu wamebeba majembe wanakusanyika njia panda, akadhani zamu yake imefika hatimaye. Alituamkia wote mmoja mmoja. Halafu akaona kibao kimelala nyasini, akashusha jembe begani. Ardhi ilikuwa ngumu na jembe langu lilikuwa na mpini uliolegea, kwa hiyo nilimwomba lake. Akanipa. Mashimo ya kibao kile, ya kina cha mkono mzima, niliyachimba kwa jembe la Omong'ina Kerubo, naye amesimama ananingoja nimrudishie.

Mvua ilikuja Jumamosi. Wengi wetu ni Wasabato, tulikuwa kanisani, na mahubiri yalipofika katikati mabati yakaanza kunguruma hata mhubiri akawa anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Tukaimba kwa nguvu zaidi. Nilipenda sana kuimba ndani ya mvua. Ilipokatika tulishuka nyumbani tumevua viatu, maji mekundu yakitukimbilia miguuni, na kutoka juu, kabla hatujafika, tukaona nyumba ya chini ina umbo lisilo lake. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeingia ndani. Ulikuwa umelalia kitanda, sufuria, na gunia la wimbi la kula mwaka mzima. Mtaro aliouchimba peke yake ulikuwa umefika nusu ya nyumba. Nusu ile ya ukuta ilikuwa bado imesimama.

Ilikuwa Sabato, na hakuna aliyeuliza kama kazi ni halali. Tuliingia na nguo zetu za kanisani tukachomoa vitu vyake kwenye tope, godoro, picha ya mumewe, ile sahani ya bati. Kerubo alikuwa amekaa juu ya mtungi uliopinduliwa, kitambaa cha kanisani bado kichwani, hakulia wala hakutoa maagizo. Nikiwa nimebeba mguu mmoja wa kitanda nilisikia wanawake wawili wakizungumza nyuma yangu, sauti chini.

"Na kibao?"

"Nimepita hapo. Kiko sawa. Hakijasogea hata."

Nyumba yake ilihitaji udongo. Kibao nilikipa saruji.

Jumatatu mkwewe alikuja na pikapu kutoka Nyansiongo kumchukua. Tulisimama barabarani tukamwambia, na tulikuwa tunasema kweli, kwamba risaga itamjengea upya, arudi baada ya mvua. Nilitoa daftari nikaiandika mbele yake kuwa ajenda ya kwanza. Alipanda mbele kwa dereva, akashusha kioo, akaniita.

"Katibu. Ule mkutano ulifungwa?"

Nilifikiri haraka. "Bado, mama."

"Basi mimi bado niko kwa mengineyo."

Sijui kama alikuwa ananitania. Uso wake haukuonyesha. Pikapu likaondoka, na nilikuwa nimeshika daftari wazi kwenye manyunyu, wino ukikimbia.

Hatukumjengea. Alhamisi iliyofuata zamu ilipaswa kuanza tena juu, kwa Mzee Nyamweya, lakini watu walifika wachache, na waliofika waliangaliana. Zamu iliyorukwa ni kama jino lililong'oka. Ulimi unarudi pale pale. Mtu akisema "twende kwa fulani," mwingine anauliza, na ya Kerubo? Nayo ya Kerubo ilihitaji sasa wiki nzima, na nguzo, na mabati, na mwenyewe hayupo. Kufikia mavuno hapakuwa na risaga. Kila mtu alilima kwake, peke yake, akitazama chini. Gari halikurudi. Mwisho wa mwaka nilifanya mtihani, na swali la tano, sitalisahau, lilitaka tueleze tofauti kati ya maono na dhamira kwa kutumia mfano wa kikundi halisi. Nilieleza kurasa mbili. Nilipata alama zote za swali hilo. Mwalimu Ong'era alinishika mkono, na kwa sauti yake ndogo akanipongeza, na cheti hicho ndicho kilichonipa ofisi ya kwanza, na ofisi hiyo ndiyo iliyonipa hizi kalamu za rangi nne. Kibao kilikaa njia panda miaka mingi. Baadaye mtu alikikata miguu na kukifanya mlango wa banda la mbuzi, na kwa kweli kilifanya kazi nzuri huko.

Tangu hapo nilimkwepa Kerubo kwa ufundi. Nimekataa harusi Nyansiongo. Nimekataa mazishi. Mara moja nilimwona kwa mbali sokoni Keroka nikajificha nyuma ya rundo la kabichi mpaka mwenye kabichi akaniuliza kama naumwa. Kwa watu nilikuwa nikiisimulia hadithi ya gari jeupe na kuvunja mbavu za ukumbi mzima, nikiishia kwenye kibao na maendeleo endelevu ya mteremko. Habari ya ukuta sikuisimulia popote. Nilikuwa nimejifunza mahali pa kukatia.

Basi mwezi uliopita mkono ukainuka. "Karibu, mama," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya Mwalimu Ong'era.

"Sina swali la darasa," alisema. "Wewe maliza kazi yako. Nitangoja."

Sijui nilifundisha nini siku hiyo. Nakumbuka dada mmoja kijana, mwenye buti za kukamulia, alisema maono ni maziwa yetu yafike mjini yakiwa mazima, na dhamira ni kuamka saa kumi kila siku na kuosha mitungi, nikaandika vile vile alivyosema, bila kuongeza neno. Halafu nilimfuata Kerubo hadi kwake, chumba cha mbao nyuma ya nyumba ya binti yake. Kitanda kilitandikwa hadi kikanyooka kama ubao, picha ya mumewe ikiwa na doa la tope kwenye pembe, dirisha likitazama malisho yaliyolala tambarare, bila mteremko wowote. Alinipa chai ya maziwa matupu na ndizi za kuchemsha. Alipopakua alinitazama mikono. Nikasema niliyoyabeba miaka yote hiyo. Nikasema nilichukua zamu yake, na jembe lake, na kwamba nilikuja kuomba msamaha nikiwa nimechelewa miaka ishirini na zaidi, na nilisema bila utani hata mmoja, kitu ambacho sikujua naweza.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Nilikuwa na hasira mwaka mmoja hivi," alisema. "Halafu ng'ombe wa hapa wakanishughulisha. Mume wangu ndiye nasikia vibaya kumwacha peke yake. Nitarudi kulala karibu naye, nimeshawaambia watoto." Akanimiminia chai tena. "Sasa, katibu. Tumefika mengineyo?"

"Tumefika, mama."

"Nilikuwa na mambo mawili. La kwanza ni ukuta, na hilo ulilijua." Aliweka birika chini. "La pili ni hiyo gari. Ilikuwa gari ya mkate. Dereva alipotea, akaniuliza njia ya Keroka, nikamwonyesha, akanipa mkate mmoja. Nikauleta kwa mkutano ndiyo niwaonyeshe. Wewe ulikula vipande vinne."